Trekta la nyasi linafuka moshi baada ya kulala majira yote ya baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya trekta dogo la kukatia nyasi lenye injini ya petroli ya mipigo minne inayopoozwa kwa hewa, iwe ya silinda moja au mbili. Ndiyo injini iliyofungwa kwenye matrekta mengi ya aina hii. Wenye dizeli au rejeta wana swali lao huko chini.

Limewaka, lakini linatoa moshi. Nizime au niache?

Angalia kwanza moshi unapungua au unazidi. Moshi mwepesi unaokatika ndani ya dakika chache hauna neno. Unyevu uliojikusanya ndani ya ekzosi unageuka mvuke, na oili kidogo iliyochuruzika hadi kwenye silinda inaungua. Kama kabla ya kulihifadhi mtu alitia oili kidogo kwenye tundu la plagi ili silinda isishike kutu, oili hiyo nayo lazima iungue siku ya kwanza.

Moshi mzito unaofunika trekta zima, au unaozidi kadiri injini inavyopata moto, ni wa kuzima papo hapo. Zima pia ukisikia injini inagonga au ukinusa petroli mbichi. Na tafadhali usipige resi eti kusafisha injini. Imekaa miezi mingi bila kuzunguka, beringi ni kavu, na oili haijafika kila mahali. Resi ya wakati huo huumiza injini kuliko moshi wenyewe.

Jambo la usalama ambalo halingoji: litoe nje kabisa kabla ya kuliwasha. Monoksidi kaboni haina rangi wala harufu, na kufungua mlango wa banda hakutoshi.

Nianze kuangalia wapi?

Kwenye dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili. Watu wengi hukimbilia plagi au kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), na wengine tayari wana huzuni kwamba ringi za pistoni zimekwisha na injini inataka ovahoo, yaani kufunguliwa na kutengenezwa upya. Injini iliyofanya kazi vizuri hadi siku ya kuhifadhiwa haiwezi kuchakaa ikiwa imelala. Mara nyingi kilichobadilika ni mahali oili na petroli zilipo, na dipstiki ndiyo inayokuambia.

Egesha trekta mahali tambarare, injini ikiwa baridi. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe, ichomoe tena. Usiishie kuangalia kimo tu. Chukua tone la oili katikati ya kidole gumba na cha shahada, ulisugue, kisha achanisha vidole polepole. Oili nzima inateleza nzito na huvutika kidogo kabla ya kukatika. Iliyoingiliwa na petroli ni nyepesi kama maji, inatiririka kwenye kidole na kuacha ubaridi. Inuse pia, maana pua haidanganyiki kirahisi hapa.

Kuna mtego mmoja: baadhi ya injini hupimwa dipstiki ikiwa imekazwa hadi mwisho, nyingine hupimwa ikiwa imekalishwa tu juu ya tundu bila kukazwa. Ukikosea utaratibu utasoma kimo kisicho sahihi, na wapo wanaojaza oili kupita kiasi kwa sababu hiyo tu. Kitabu cha injini ndicho kinachoamua.

Oili imepanda kupita alama, na mimi sikuongeza hata tone. Imetoka wapi?

Haikuongezeka oili. Iliyoingia ni petroli, na mchawi wako karibu kila mara ni sindano ya kabureta.

Ndani ya bakuli la kabureta mna boya linaloelea juu ya petroli. Bakuli likijaa, boya hupanda na kusukuma sindano ndogo izibe njia ya mafuta. Petroli iliyokaa miezi huacha utando wa gundi, na punje ya uchafu isiyoonekana vizuri kwa macho inatosha kuizuia sindano isikae sawasawa. Ikiwa tangi liko juu kuliko kabureta, petroli hushuka yenyewe kwa uzito wake, tone baada ya tone, usiku na mchana. Bakuli hufurika, petroli huingia kwenye njia ya hewa, hupita valvu iliyo wazi, huteremka kwenye silinda na kupenya kando ya ringi hadi kwenye sampu, yaani tumbo la injini. Ukija kuwasha, sampu imejaa pomoni, mchanganyiko unarushwa kila upande na kuvutwa kwenye silinda, na moshi mweupe unafumuka kama umewasha rundo la majani mabichi.

Solenoidi iliyo chini ya kabureta, kwa injini zilizo nayo, haiwezi kukuokoa. Inaziba njia kuu ya mafuta ndani ya kabureta; haizuii bakuli kufurika.

Usiiwashe tena injini ikiwa katika hali hiyo. Petroli inaondoa uwezo wa oili kulainisha, konrodi (fimbo inayosukumwa na pistoni) na beringi husagana chuma kwa chuma, na mvuke wa petroli ndani ya sampu unaweza kulipuka. Fuata mpangilio huu: funga koki ya mafuta au bana mpira wa mafuta, mwaga oili yote, badilisha filta ya oili kama ipo, kisha shughulikia kabureta kabla ya kujaza oili mpya. Ukijaza oili mpya huku sindano bado inavuja, kesho utakuta imeharibika ileile.

Kuhakikisha kama sindano ndiyo inayovuja, toa chujio la hewa, fungua koki, usubiri dakika kadhaa bila kuwasha. Ukiona petroli inadondoka ndani ya koo la kabureta, umepata jibu. Kuligonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi wakati mwingine huikwamua sindano, lakini hiyo ni dawa ya kukufikisha jioni tu. Fungua kabureta, safisha, badilisha sindano pamoja na kiti chake ikiwa kiti hicho hutoka. Kama trekta halina koki ya mafuta, weka moja kwenye mpira unaotoka tangini. Ni kifaa cha bei ndogo, na sielewi kwa nini matrekta mengine hutoka kiwandani bila hicho.

Nimebadilisha sindano lakini petroli bado inaingia kwenye oili.

Angalia pampu ya mafuta, kama ipo. Pampu nyingi za injini hizi zina kiwambo cha mpira kinachosukumwa na mapigo ya hewa kutoka kwenye sampu kupitia mpira mwembamba. Kiwambo kikipasuka, petroli hupita moja kwa moja hadi kwenye oili. Chomoa mpira huo mwembamba upande wa pampu. Ukikuta ndani yake kuna petroli, pampu imekwisha.

Niliongeza oili mwenyewe, labda ikazidi. Ni tatizo kubwa?

Dogo. Punguza hadi alama ya juu, liwashe, moshi utakatika wenyewe. Injini ya silinda moja ya trekta kwa kawaida huchukua karibu lita 1.4 na ya silinda mbili karibu lita 1.9, kwa hiyo nusu lita ya ziada ni nyingi mno kwa tumbo dogo namna hiyo.

Rangi ya moshi inaniambia nini?

Inakuambia uanze upande gani, basi. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa. Buluu ni oili inayoungua. Mweupe unaokatika haraka ni mvuke wa maji, na mweupe mzito usiokatika ni oili pia, ambayo haijaungua vizuri au inakaangwa kwenye ekzosi yenye joto. Kutofautisha buluu na mweupe chini ya mwanga wa jua ni kazi hata kwa macho mazima, na mabishano mengi ya mafundi kuhusu rangi hayana maana. Harufu husaidia zaidi. Oili inayoungua huwasha macho na koo, petroli iliyozidi ina ukali wake unaojulikana, na mvuke hauna harufu ya kutajika.

Nimeambiwa moshi mweupe ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Kweli?

Kwa gari, huenda. Injini yako inapoozwa kwa hewa na haina hata tone la maji ya kupoozea. Ushauri wa magari umewapoteza wengi kwenye jambo hili.

Nililihifadhi limeinuliwa upande mmoja. Inaweza kuwa sababu?

Ndiyo, na ni mojawapo ya sababu nafuu. Trekta likiinuliwa ili kusafisha au kubadilisha visu, au likiegeshwa kwenye mteremko, oili huhama. Huingia kwenye silinda, au hupita kwenye kipumulio, yaani njia ya kutolea hewa ya sampu, hadi kwenye chujio la hewa. Ukikuta chujio la karatasi limelowa oili, litupe. Halisafishiki, na likiendelea kutumika litaisonga injini hewa na kukuletea moshi mweusi juu ya ule mweupe. Toa plagi uifute, futa oili ndani ya kasha la chujio, weka chujio jipya, kisha acha injini iungurume kwa mwendo wa wastani.

Uwe na subira hapa. Ekzosi iliyolowa oili huendelea kufuka hata baada ya chanzo kuondolewa, pengine robo saa au zaidi, hadi oili yote iliyonaswa ndani iungue. Watu hurekebisha tatizo, wanaona bado moshi upo, wanafungua injini nzima bila sababu.

Stata inazungusha kidogo kisha inagoma kabisa, halafu moshi. Betri?

Inaweza kuwa betri, lakini usilazimishe kabla ya kuchunguza. Kama petroli au oili imejaa juu ya pistoni, haigandamiziki, na pistoni hugota. Ukiongeza nguvu kwa kuunganisha betri ya gari, konrodi inaweza kupinda.

Toa plagi. Weka waya wa plagi mbali na tundu na uuguse kwenye chuma cha injini ili cheche isiruke hewani, kisha simama pembeni na piga stata kwa sekunde chache. Kilichomo kitaruka nje kwa nguvu, na mara nyingi ni petroli, hivyo fanya kazi hiyo mahali pasipo moto wala sigara. Baada ya hapo rudi kwenye dipstiki, maana kilichojaa juu mara nyingi kimeshashuka na chini pia.

Kwa stata yenyewe, piga kwa sekunde tano hivi, upumzishe dakika moja. Kuishikilia mfululizo huiunguza.

Moshi ni mweusi na injini inakohoa.

Choki (kibamba kinachopunguza hewa wakati wa kuwasha) imekwama, au chujio la hewa limeziba. Tazama kwa macho kama kibamba cha choki kinafunguka kabisa unaporudisha kishikio. Waya wake hushika kutu ukikaa, na kishikio kinaweza kusogea huku kibamba kimelala palepale. Chujio nalo wakati wa baridi huwa nyumba ya panya. Yote mawili yakiwa sawa, sindano na boya vinarudi kwenye orodha ya washukiwa.

Plagi itakuwa na masizi makavu meusi. Isafishe au ibadilishe. Mwanya wa 0.76 mm ndio wa injini nyingi za aina hii, ila thibitisha kwenye kitabu cha yako.

Nimetumia petroli ya mwaka jana. Ndiyo inayotoa moshi?

Peke yake huleta zaidi shida ya kuwaka, kuyumbayumba na kukosa nguvu. Lakini utando wake ndio unaokwamisha sindano, kwa hiyo nayo ina lawama. Petroli isiyotiwa dawa ya kuihifadhi huanza kuharibika baada ya siku 30 hivi, na yenye ethanoli huvuta unyevu kutoka hewani. Mwaga, safisha bakuli la kabureta, weka mpya. Usizidishe ethanoli ya asilimia 10, kwani injini hizi ndogo hazikutengenezwa kwa zaidi ya hapo.

Moshi hautoki kwenye ekzosi. Unatoka chini, au pembeni ya injini.

Basi ni kisa kingine kabisa, na zima haraka kwa sababu hapa moto ni jambo linalowezekana.

Panya hupenda kujenga chini ya kava ya feni, juu ya mapezi ya kupoozea silinda. Manyoya, nyasi kavu na vipande vya karatasi vilivyobanwa pale huungua injini ikipata moto, na vibaya zaidi, huzuia hewa ya kupoozea isipite. Injini hukaangika taratibu bila wewe kuona geji yoyote. Toa kava ya feni kila baada ya mapumziko marefu, hata kama huoni moshi. Ni boliti chache tu.

Harufu ya mpira unaoungua ni mkanda. Puli au ekseli ya kisu iliyoshikwa na kutu haizunguki, mkanda unateleza juu yake, moshi unapanda. Zima, toa waya wa plagi, kisha zungusha kila puli kwa mkono. Isiyozunguka ndiyo mbaya wako. Kama visu vikiwa havijaunganishwa moshi haupo, na ukiviunganisha unatokea, usiguse injini. Shida iko chini.

Harufu ya plastiki ni nyaya. Toa waya hasi wa betri kwanza, ndipo utafute panya alitafuna wapi.

Oili iko sawa, kabureta haivuji, lakini moshi wa buluu haukatiki. Ni ringi?

Ishuku gasketi ya silinda hedi (kiziba kati ya silinda na kifuniko chake cha juu) kabla ya ringi, hasa kwa injini ya silinda moja yenye valvu juu. Katika injini hizo, kati ya silinda na mfereji wa fimbo zinazosukuma valvu kuna ukingo mwembamba wa gasketi. Ukiungua hapo, hewa yenye shinikizo hutoka kwenye silinda na kwenda kwenye sampu badala ya kusukuma pistoni. Sampu inatakiwa kubaki na mvuto mdogo. Ikijaa shinikizo, oili husukumwa kwenye kipumulio hadi kwenye njia ya hewa, na injini inaanza kula oili yake yenyewe. Dalili ni chujio la hewa kulowa upande mpira wa kipumulio unapoingilia, oili kuchungulia kwenye sili, na nguvu kupungua. Baridi haikuleta hili. Lilianza wakati wa kukata nyasi, kwa kawaida kwa sababu ya joto la mapezi yaliyoziba, na sasa limeonekana.

Chunguza kipumulio pia, kwa kuwa kibamba chake kikikwama au mpira wake ukizibwa, dalili ni zilezile na matengenezo ni kidogo sana.

Kupima kompresheni kwa geji ya kawaida kunadanganya. Injini nyingi hizi zina kifaa kinachoiacha valvu wazi kidogo wakati wa kuwasha ili kumpunguzia stata mzigo, hivyo geji husoma chini hata injini ikiwa nzima. Kipimo cha kuaminika ni kusukuma hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, kisha kusikiliza. Hewa ikitokea kabureta, valvu ya kuingiza haizibi. Ikitokea ekzosi, ni valvu ya kutolea. Ikitokea kwenye tundu la dipstiki, ni gasketi au ringi. Bana krenkishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, vizuri kabla ya kufungulia hewa, la sivyo injini itazunguka ghafla, na visu vitazunguka nayo kama vimeunganishwa.

Hapo katikati ya gasketi na ringi, mimi ningefungua hedi. Gasketi iliyoungua huacha mstari mweusi palipopita moto, unauona bila kuutafuta. Pima unyoofu wa hedi kwa rula ya chuma, weka gasketi mpya, na kaza boliti kwa torki renchi kwa mpangilio na nguvu zilizoandikwa kitabuni. Kukaza kwa kubahatisha kutakurudisha hapo hapo.

Na kama kweli ni ringi?

Ringi zilizokwamishwa na gundi au kutu kidogo wakati mwingine huachia ukimimina dawa ya kuyeyusha utando kwenye silinda, ukaiacha usiku kucha, kisha ukabadilisha oili. Wakati mwingine haziachii. Silinda ikiwa imechubuka, hakuna dawa ya chupa itakayoiponya. Linganisha gharama ya ovahoo na ya injini nyingine.

Linatoa pafu moja la moshi wa buluu likiwaka, kisha kimya.

Oili inapenya kwenye gaidi (bomba linaloongoza valvu) au sili za valvu injini ikiwa imezimwa. Unaweza kukata nyasi misimu mingi hivyo, mradi unaangalia oili kila mara.

Oili gani inapunguza moshi?

Hakuna oili ya kutibu moshi, ingawa isiyofaa inaweza kuuongeza. SAE 30 inafaa joto likizidi nyuzi 4 za Selsiasi. 10W-30 ni nzuri kwa hali mchanganyiko, lakini kwenye joto kali injini huila zaidi. Kama hujabadilisha tangu mwaka jana, badilisha sasa.

Langu ni la dizeli, au lina rejeta.

Injini ya dizeli ikiwa baridi hutoa moshi mweupe wa mafuta yasiyoungua mpaka ipate joto; usipokatika, tazama plagi za kupashia joto. Lenye rejeta likitoa moshi mweupe huku maji yakipungua, basi ule ushauri wa magari unakuhusu wewe.

Nifanye nini kabla ya baridi ijayo?

Badilisha oili kabla ya kuhifadhi, kwani iliyotumika ina tindikali na unyevu unaokula beringi. Tia dawa ya kuhifadhi kwenye petroli mpya, iache injini iungurume dakika chache ili ifike kwenye kabureta, kisha funga koki na uiache injini izime yenyewe kwa kukosa mafuta. Liegeshe tambarare. Ziba mlango wa hewa dhidi ya panya, na funga utepe mwekundu kwenye usukani wa kukukumbusha kuzibua.

Si bora niliwashe mara mojamoja wakati wa baridi ili lisikae?

Hapana, hasa kama ni kwa dakika tano tu. Injini haipati joto la kutosha kukausha, na kila uwashaji huo huacha maji na petroli ndani ya oili. Liache lilale, au liwashe hadi lipate moto kabisa.